Kuapishwa kwa Sababu ya Mbwa

Kuna alasiri moja sijaisahau, mwanangu, ingawa nimesahau mengi na mengine nimeyasahau makusudi. Weka hiyo simu chini kwanza. Umekuja kwangu na habari ya mbwa wako mgonjwa, na kabla hata sijakukaribisha chai umeshaniambia ni nani aliyemlisha sumu. Aka! Daktari mwenyewe, aliyempima damu, amekuambia ini lake linashindwa na sababu haijulikani. Lakini wewe sababu umeipata, tena ina jina, inaitwa Akiru, yule msichana anayewafulia nguo na kumlisha huyo mbwa. Jana umemfukuza mbele ya wapangaji wote wa ploti, na picha yake umeiweka kwenye grupu la familia. Basi kaa. Mimi ni bibi yako, na leo nitakuambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia hata mama yako.

Niliolewa hapa mtaani Bulla Pesa nikiwa msichana mbichi kutoka boma la wafugaji. Kwetu mbwa ni wa kazi. Analala nje na mbuzi, fisi akija anabweka, na watu wanamheshimu kwa hiyo kazi yake. Nyumba niliyoolewa ilikuwa ya watu wa mjini, wazee wao walikuwa askari wa Mwingereza, na wao wenyewe walikuwa na lori la kupeleka mbuzi Nairobi. Mwenye sauti pale alikuwa shemeji yangu Hassan, kaka mkubwa wa mume wangu Yusuf. Hassan akisema kaa, hata kiti kinakaa. Baba yao alikuwa ameshakufa, na mama mkwe wangu alikuwa mtu wa tasbihi na macho. Haneni, lakini hakuna kinachompita.

Hassan ndiye aliyeleta yule mtoto wa mbwa. Alipewa na mfugaji mmoja wa Leparua aliyekuwa akimuuzia mbuzi, ili alinde mifugo nyuma ya nyumba. Alimpa jina Askari. Kazi ya kumlisha nikapewa mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kumgusa. Sheria unaijua: mate ya mbwa yakiingia chombo, kioshwe mara saba, na mojawapo kwa udongo. Basi nikamtafutia mkebe wake, nikauweka mbali na vyombo vya watu. Nilimpenda, nasema wazi. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile, naye alikuwa mgeni, na ndiye peke yake aliyefurahi kuniona asubuhi.

Lakini Askari hakukua. Miezi ilienda, na yeye ni yule yule, mbavu zinahesabika. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, anawakimbiza kuku wa jirani. Siku nyingine, akishakula tu, mate yanamtoka, anazunguka pale pale, kisha anasukuma kichwa ukutani na kusimama hivyo kwa muda mrefu. Baadaye inampita, anakunywa maji mengi, analala. Mwisho tumbo likaanza kuvimba na macho yakaingia manjano. Hassan akamwita daktari wa mifugo aliyekuwa amekuja kuchanja mbuzi. Akambonyeza tumbo, akamfunua fizi, akasema, "Ini la huyu ni bovu. Limeharibiwa na nini, sijui, na sitawadanganya. Pengine amezaliwa nalo." Mwanangu, yule daktari alisema kweli. Shida ni kwamba watu hawapendi kusikia "sijui", hasa mtu kama Hassan.

Mimi nikaanza kumchunguza kwa macho tu, kama kwetu tunavyochunguza mbuzi. Siku za nyama, yale mabaki ya machinjioni, ndizo siku za kuzunguka. Siku za uji na maziwa kidogo alikuwa afadhali. Nikapunguza nyama. Kwa nini iwe hivyo sikujua, nilifuata tu kile mwili wake ulichokataa. Akapata nafuu kidogo, hata akaanza tena kubweka.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoharibikiwa. Siku moja niko mferejini, nimechoka, nasugua mikono kwa udongo, nikawaambia wanawake wenzangu kwa mzaha, "Huyu mbwa atanimaliza. Heri afe nipumzike!" Wakacheka, nami nikacheka. Ulimi hauna mfupa. Yale maneno yalifika kwa Hassan kabla mtungi wangu haujafika nyumbani. Naye alikuwa ameshamwona Askari akizunguka, kila mara baada ya chakula kilichotoka mkononi mwangu. Akajumlisha hili na lile, akapata jibu alilolitaka.

Basi alasiri hiyo, wanaume walipotoka msikitini, Hassan akatuita ndani. Tulikuwa sisi wanne tu: yeye, Yusuf, mama mkwe na mimi. Msahafu ulikuwa juu ya mto, umefungwa kitambaa cha kijani. Akaanza na methali, maana wenye kudhulumu hawakosi methali: "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akaniambia niseme nilimpa mbwa nini, au niape kwamba sikumpa kitu. Kwa ajili ya mbwa, mwanangu! Mnyama ambaye akipita karibu na mkeka wa swala, nyumba nzima inatafuta maji. Leo Hassan ananitolea Kitabu cha Mungu kwa sababu yake.

Ningeapa mara moja. Wallahi ningeapa huku nacheka. Lakini nilikuwa katika siku zangu. Usiangalie pembeni, wewe umeoa, unajua. Mwanamke akiwa hivyo haswali na hashiki msahafu. Nami bado naitwa bibi harusi, shemeji yangu amekaa mbele yangu, neno hilo ningelitoa kwa mdomo upi? Nikasema tu, "Leo siwezi kuushika."

"Mmesikia wenyewe," Hassan akasema. "Anauogopa."

Nikamtazama mama mkwe wangu. Alijua. Alikuwa ameona siku zote hizo siswali naye. Akashusha macho, akaendelea kuvuta tasbihi. Nikamtazama Yusuf, mume wangu, huyo huyo babu yako unayemsifu kila Idi. Yeye alijua kuliko wote. Angesema tu, "Kaka, ngoja siku chache, mke wangu ana udhuru." Udhuru, basi. Ni neno la heshima, hata masheikh wanalisema hadharani. Yusuf alitazama viatu vyake. Aliona haya kumtetea mke mbele ya kaka yake. Nilimzalia watoto, nilimuuguza, nikamzika, namwombea rehema kila Ijumaa, na bado siku ile sijamsamehe yote. Mungu analijua hilo, simfichi.

Nikakatazwa kumkaribia mbwa. Hassan akashika kazi ya kumlisha mwenyewe. Tena alimpenda, hilo sitamnyima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na asiye mnyonge vile vile. Akasema mbwa aliyekula sumu anataka nguvu, akamletea nyama safi ya kilo, akamkatia vipande vidogo. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Shemeji, nyama inamzidishia." Akanijibu bila kugeuka, "Wewe ndiye wa kunifundisha?" Askari akala, masikini, alikuwa na njaa. Akaanza kuzunguka. Nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta, na mimi niko jikoni napika chakula cha watu, siruhusiwi hata kumpelekea maji. Kufikia asubuhi alikuwa amekufa.

Ungedhani kuna mtu angejiuliza, mbona mbwa amekufa wakati huyu mwanamke hamlishi? Ng'o! Hassan akasema sumu ilikuwa imeshaingia damuni. Siku zangu zilipokwisha nikaoga, nikatawadha, nikauchukua msahafu bila kuitwa na mtu. Nikaapa mbele yao wote watatu kwamba sikumpa yule mnyama chochote ila chakula. Hakuna aliyesema tumesikia. Mama mkwe akaniambia sufuria inaungua. Huko nje nikabaki yule wa sumu. Mferejini walinisalimia, salaam aleikum, aleikum salaam, lakini nikiwakaribisha chai kila mmoja ametoka kunywa kwake.

Zikapita mvua mbili. Yule mfugaji wa Leparua akaja nyumbani na mbuzi, akakaribishwa, akauliza Askari yuko wapi. Akaambiwa amekufa. Akatikisa kichwa. "Hata ndugu zake niliobaki nao wamekufa," akasema. "Hawakukua. Wakila wanazunguka kama vichaa, na macho manjano. Ni uzao tu, huyo mama yao nimeacha kumzalisha." Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi. Hassan amekaa hapa, Yusuf pale, mama mkwe kwenye mkeka wake. Nikangoja. Mwanangu, nilingoja kwa mwili wangu wote.

Hassan akasema, "Kumbe."

Kisha akaninyooshea kikombe nimwongezee chai, nami nikamwongezea.

Hayo ndiyo malipo yangu, kumbe moja. Wote wamekufa sasa, Mungu awarehemu, na hakuna aliyeongeza neno jingine juu ya lile. Wewe unaniuliza kila mara mbona Bibi ni mkali, mbona Bibi hanywi chai kwa watu. Sasa unajua.

Basi nisikilize. Ugonjwa usiojulikana sababu ni mzigo mzito, naujua, nimeubeba. Mtu akiona mnyama wake anakauka na hana wa kumlaumu, anatafuta pa kuutua huo mzigo, na mara zote anautua juu ya kichwa cha aliye chini yake. Hamtafuti tajiri, hamtafuti kaka yake. Anamtafuta bibi harusi, anamtafuta mfua nguo. Tumeambiwa tujiepushe na dhana, kwa maana baadhi yake ni dhambi, na wewe unaswali, hukulisikia hilo? Daktari akikuambia hajui, kubali kwamba hajui, na wewe pia hujui. Kaa na mbwa wako. Mlishe kidogo kidogo kama ulivyoagizwa, mtazame yeye usimtazame jirani, andaa maji, futa mate. Huenda atapona, huenda atakufa mikononi mwako na usijue kwa nini mpaka na wewe ufe. Inauma, lakini hayo maumivu ni yako, usimgawie mtu asiyeyadai.

Na Akiru, leo hii. Usiniambie unangoja majibu mengine ya damu. Ukingoja mpaka ithibitike hana kosa ndipo umwombe radhi, basi wewe ni Hassan mtupu. Anzia kwenye grupu, useme pale pale ulipomchafua, kwamba ulimsingizia. Halafu nenda kwake kwa miguu yako, usitume mtu, usitume pesa, na umtamkie kosa lako lote mbele ya hao wapangaji waliokusikia jana. Maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini aliyeyamwaga apige deki.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mpole wa kuuguza, akupe na ulimi mwepesi wa kuomba radhi, na akukinge usiwe na hakika ya jambo usilolijua. Amin. Na Akiru akikufungia mlango usirudi, kaa hapo nje ungoje. Mmoja wa wale watatu angekuja kwangu kuniomba radhi, hata kwa kuchelewa, ningefungua.