Nyongeza ya Viazi vya Uyole

Mama yangu, aliyeko kwetu Iringa, karibu na Tosamaganga, hajawahi kuielewa kazi yangu, na mimi nimechoka kumweleza. "Yaani umesoma miaka yote hiyo ili ukapime viazi? Sisi huku viazi tunapika." Nacheka naye, ila simu ikikatika naumia.

Kazi yenyewe si ngumu kuisema. Nasomea uzamivu katika fizikia ya viumbe hai. Nakata kipande cha kiazi kilichokaa kwenye baridi kali, napitisha umeme kidogo sana, nasoma namba. Seli nzima inauzuia ule umeme. Iliyopasuliwa na baridi inauachia upite. Basi. Kiazi baada ya kiazi, mimi na mashine, kwenye chumba kisicho na dirisha hapa Mbeya. Asubuhi mbili kwa wiki nafundisha mwaka wa kwanza. Wananiita madam, wanakabidhi ripoti zao, wanaondoka wakicheka mambo yao. Msimamizi wangu yuko Dar, barua pepe zangu anazijibu kwa neno moja: "Sawa." Nyumbani, mtaa wa Soweto hapa hapa Mbeya, nimepanga vyumba viwili, cha pili hata sijui nilikipangia nini. Nilikuwa mpweke, niseme tu ukweli. Kuna wikiendi niliyomaliza bila kufungua mdomo hadi Jumatatu darasani.

Aliyekuwa ananiuliza habari zangu na kusubiri jibu ni mama mmoja muuza viazi pale sokoni Uyole. Kila Jumamosi nilichukua kwake ndoo moja, viazi vya shamba lake mwenyewe, mbegu moja, maana utafiti unataka hivyo. Nilikuwa nampigia simu kabla, nikifika namkuta ameshafunga mfuko. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, ndoo nzima kila wiki! Unampikia nani?"

Jamani, ningemwambia nini? Kwamba chakula chake nakigandisha, nakikatakata, natupa? Mtu aliyeinama shambani miezi yote? Na kwamba naishi peke yangu? Aibu zote mbili zilinipanda kwa pamoja. Nikasema, "Nina wageni, mama. Nyumba yangu haikosi wageni."

"Ndaga, mwanangu, ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, utadhani wageni wale ni wake.

Haikupita muda namba zikaanza kunishangaza. Kila ndoo ilikuwa na viazi vichache vilivyogoma. Baridi ileile, saa zilezile, vingine vimelegea, vyenyewe vizima. Nikarudia, nikarudia tena. Nikamwandikia msimamizi: nafikiri nimepata kitu. Akanipigia! Mara ya kwanza tangu nianze. Akasema hiyo huenda ndiyo tasnifu yenyewe, mradi nihakikishe viazi vyote vimetoka shamba moja. Shamba moja, nikamjibu, bila hata kusita. Kwa misimu miwili kazi yangu yote ikawa ni vile viazi vilivyogoma.

Halafu Jumamosi moja nikafika Uyole mapema, bila kupiga simu. Yule mama ndiyo kwanza anapima. Akajaza ndoo kutoka kwenye lundo lake, akaimwaga mfukoni mwangu. Kisha akaenda kwa jirani yake, akainama, akachagua viazi vya mwenzake kimoja kimoja, akavitia mle mle, akautikisa mfuko.

"Mama, hivyo vya nini?"

Akashtuka, halafu akacheka. "Umenifuma! Nyongeza yako hiyo. Vya kwangu vitamu, ila baridi hii ikivipiga vinaharibika upesi. Vya mwenzangu ni mbegu nyingine, kwa asiyevijua vinafanana, ila vinavumilia. Nabadilishana naye kidogo kidogo. Nikasema wageni wako wasije wakakosa cha kula, ukaaibika."

"Tangu lini?"

"Si tangu uliponiambia una wageni."

Ningemkasirikia nani? Muuzaji gani huku anakupimia ndoo asikuongezee? Mimi nimekulia Iringa, nyongeza naijua tangu sijajua kusoma. Nilikuwa natumwa sokoni, nikirudi bila nyongeza narudishwa. Leo, na fizikia yangu yote, nimeisahau. Nikakaa juu ya gunia la mtu.

"Mama, sina wageni," nikasema. "Hivi viazi ni vya utafiti. Navipima, halafu navitupa. Naishi mwenyewe. Hajawahi kuja mtu."

Nilitegemea anifokee kwa kutupa chakula. Wala.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akamwaga mfuko wote chini, akapima upya kutoka kwenye lundo lake tu, akapitisha kiganja juu ya ndoo ili kisizidi hata kimoja. "Haya, kazi yako hiyo," akasema. Kisha akaviokota vile vya jirani, akavifunga kwenye mfuko mwingine, akaniwekea mkononi. "Hivi usivipime. Hivi ule."

Nilipofika nyumbani nikamwandikia msimamizi kila kitu: kwamba viazi vilichanganyika, kwamba hakuna tulichopata, kwamba naanza upya. Akajibu, "Sawa."

Nikabandika sufuria. Nilivipika vyote, nikavila peke yangu huku nalia, na vilikuwa vingi mno kwa mtu mmoja.