Ngoma Chini ya Kilima

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa nane, mwaka 1955, nilimpoteza yaya wangu. Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. Alifia kwenye kona ya kilima kilicho nyuma ya nyumba ya baba yetu, akitoka Kasongo kwenda Kabambare na motokari tupu, anakwenda kupakia mchele. Barabara mpya ilikuwa haijamaliza hata kiangazi chake cha kwanza.

Wakati ule nilikuwa fundi msaidizi katika garaji moja Kasongo. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa mapadri. Nitaandika nilichokiona, na ambacho sikukiona nitasema nilikisikia kwa nani.

Barabara ya zamani ilikuwa nyembamba. Kwenye kilima chetu motokari mbili hazikuweza kupishana, kwa sababu upande mmoja ulikuwa mwamba na upande wa pili bonde. Serikali iliweka bariere mbili, mti mmoja wa kuziba njia chini na mwingine juu, na kila bariere ilikuwa na mtu wake na ngoma yake. Ilikuwa ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, yenye sauti mbili, ya kiume na ya kike, ile inayosema maneno. Ngoma ya chini, mbele ya nyumba yetu, ilikuwa ya baba. Dereva akifika, baba alipiga jina lake, maana kila dereva wa njia ile alikuwa amepewa jina la ngoma. Mwenzake wa juu alifunga bariere yake, akajibu: nimefunga. Ndipo baba akamalizia: panda, njia ni yako. Dereva akapanda katikati kabisa ya barabara, mbali na mwamba na mbali na bonde, bila kumwogopa mtu.

Sisi watoto wa nyumba ile tulikua ndani ya maneno hayo. Mama akipika aliyasikia, akijifungua aliyasikia. Yaya wangu alikijua kilima kwa masikio kabla hajagusa usukani. Alipopata kazi ya udereva, baba alifikiri sana, halafu akampa jina: Arudiye Chakula Kingali Moto. Mama akisikia jina hilo alikuwa anaongeza kuni.

Kisha wakaja kuvunja mwamba kwa baruti. Walipanua njia, wakainyoosha, wakaijaza changarawe, na wakasema sasa motokari zitakimbia kati ya Kasongo na Kabambare bila kungojana. Ilibaki kona moja tu, ile ya kilima chetu, kwa kuwa jiwe lake lilikuwa kubwa mno. Hata hapo palipanuliwa, motokari mbili zikaweza kupita.

Garajini tulipewa kazi ya kuzitayarisha motokari kwa mwendo ule. Tulibadilisha breki, tukapaka chokaa ubavuni ili zionekane ndani ya vumbi, na mimi nilipewa kazi ya kufunga vioo vya kuangalia nyuma, ambavyo zamani hazikuwa navyo. Na madereva nao walitayarishwa. Tajiri mwenye motokari alisema dereva asiyejua kukaa upande wake wa kulia hatakanyaga barabara mpya. Atarudi kijijini kulima pamba ya lazima, ile ya serikali. Yaya alikuwa na mke na watoto watatu, na pamba alikuwa ameikimbia tangu ujana.

Muzungu aliyeletwa kuwafundisha alichora mstari mrefu wa chokaa katikati ya uwanja wa garaji. Hakuwapa motokari kwanza. Kila dereva aliambiwa alete sahani kutoka nyumbani, aishike kwa mikono miwili kama usukani, atembee kwa miguu upande wa kulia wa mstari, na apishane na mwenzake anayekuja. Watu wazima, wenye ndevu, walizunguka na sahani za bati kifuani, huku wanawake wa mtaa wamesimama nje ya ua.

"Ee mama! Angalieni mabwana, wanaomba ugali!" mmoja alipiga kelele.

Mke wa yaya alikuwapo. "Baba watoto," aliita, "ile sahani ni ya mama yangu. Irudi nzima!"

"Itarudi na nyama!" yaya alijibu, na alipogeuka kumjibu akavuka mstari, akagongana na dereva mnene tumbo kwa tumbo. Uwanja mzima ulicheka. Muzungu hakucheka.

"Weye, macho yako iko wapi?"

"Iko mu kichwa, Bwana."

"Basi tumia macho. Masikio weka mu mufuko. Huko hakuna mutu wa kukupigia ngoma."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kwake. Mstari aliuelewa. Lakini walipoanza kujaribu barabara yenyewe, kila njia ilipokuwa tupu mbele yake alirudi katikati bila kujua, na Muzungu alimrudisha mara mbili. Mtihani wa mwisho ulipokaribia, jioni moja alikaa garajini kwenye ngazi ya motokari yake, nami nakaza skrubu za kioo chake.

"Mudogo," aliniambia, "kilima kimenyamaza. Nafika pale chini, naona baba iko anakaa mbele ya nyumba, ananiangalia tu. Napanda sawa mutu aliyenyimwa salamu."

"Angalia kioo, yaya."

"Kioo kinaonyesha nyuma. Miye naogopa mbele."

Mtihani aliushinda. Tajiri alimpa mkono, na nyumbani walichinja kuku. Naisema siku hiyo kwa sababu kuna watu waliosema baadaye kwamba hakujua kuendesha. Alijua. Alikaa upande wake wiki hadi wiki, na vumbi lake lilinyooka kama kamba.

Baba naye alikuwa ameambiwa aache. Mti wa bariere aliufanya nguzo ya banda la mbuzi. Mwenzake wa juu alibeba ngoma yake akarudi kwao, mbali, upande wa Wamaza. Ngoma ya baba ilibaki chini ya paa la mbele, ikiwa imegeuzwa kinywa chini, kuku wakalala juu yake. Alipoulizwa kama hasikitiki, alisema amechoka mikono. Lakini mama alimwona akipiga vidole pajani kila motokari ilipopita.

Sasa nafika mahali ambapo sikuwapo. Haya aliyasema baba mwenyewe, kwenye matanga, mbele ya watu wote, hakuna aliyemwuliza.

Alisema kwamba siku hiyo aliamka na furaha, hakujua ya nini. Aliigeuza ngoma, akaifuta kinyesi cha kuku. Alipoona motokari ya mwanawe inakuja, alitaka kumsalimu tu. Kumwita jina tu, kama baba yeyote anavyomwita mwanawe anapopita mbele ya nyumba. Akapiga: Arudiye Chakula Kingali Moto. Yaya akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akacheka. Baba alimwona meno.

"Na mukono ukaendelea," baba alisema. "Miaka yote hiyo jina halikupita peke yake. Mukono ukamalizia, haukungoja jibu: panda, njia ni yako. Yeye akapanda. Akapanda katikati, sawa zamani. Miye nikangoja mwenzangu wa juu ajibu. Nikangoja. Ndipo nikakumbuka kwamba huko juu hakuna mutu."

Motokari iliyokuwa inashuka ilitoka Kivu. Dereva wake alikuwa mgeni wa njia yetu, hakuwahi kuona bariere wala kujua kwamba gogo linasema. Yeye alikaa upande wake, kama alivyofundishwa. Waligongana kwenye kona. Yeye alivunjika mkono. Yaya aliangukia bondeni.

Nilitumwa na garaji kwenda kuvuta mabaki. Kioo nilichokifunga mimi kilikuwa kizima, hata skrubu hazikulegea. Nilikifungua nikakipeleka kwa mjane. Alikipokea, akakifunika kitambaa, na sijapata kumwona akikifunua.

Baada ya hapo madereva wa Kasongo walianza kufanya jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Wakifika chini ya kilima, pale ilipokuwa bariere, walisimama. Walizima injini. Walikaa kimya ndani ya motokari, wakitazama juu. Wengine walisema kwamba wanaisikia ngoma ya juu, ile iliyohamia Wamaza, ikijibu. Mimi nimesimama pale mara nyingi na sikuisikia. Lakini nilisimama.

Tajiri alipojua alikasirika. "Barabara ni wazi, inapita motokari mbili! Munasimama nini?"

"Tunapoza injini, Bwana," walimjibu.

"Kabla ya kupanda?"

"Ndiyo, Bwana. Inachemka mbele ya kupanda."

Baba aliwaona wakisimama. Ngoma ilikuwa imerudi kinywa chini. Wakati mwingine dereva alishuka, akamwamkia, akangoja kidogo kama mtu anayesubiri kuruhusiwa, kisha akaondoka polepole, mkono ukiwa kwenye honi. Mama alikuwa anaingia ndani.

Mvua zilipoanza, nilikuwa nyumbani siku ambayo motokari ya Kivu ilikuja tena, safari hii ikielekea Kabambare. Nayo ikasimama. Yule dereva alishuka, mkono wake umepona lakini haunyooki vizuri. Alivua kofia.

"Jambo, baba."

"Jambo."

"Miye ndiye."

"Najua," baba alisema. "Najua sauti ya motokari yako."

Mgeni aliikazia macho kofia yake.

"Baba, naweza kupanda?"

Baba aliitazama ngoma, na mimi nikaogopa ataigeuza. Kuku mmoja alikuwa juu yake. Halafu akaokota fimbo yake, akapita mbele ya motokari, akaanza kukipanda kilima kwa miguu, upande wa kulia, kwenye ukingo kabisa. Nilitaka kumfuata. Mama, aliyekuwa mlangoni, alinishika nguo.

Tulingoja, mgeni ameshika kofia, mama ameshika nguo yangu. Baba alifika kwenye kona, chini ya lile jiwe. Alisimama akatazama juu muda mrefu. Kisha aligeuka kwetu, akainua mkono.

Dereva aliingia, akawasha, akapanda polepole upande wake. Alipofika kwa baba hakupiga honi. Alipita, vumbi halikuwapo kwa sababu ya mvua, tukaiona motokari mpaka ikapotea.

Baba alishuka. Aliketi mahali pake, akaomba maji ya kunywa, mama akamletea.