Mwalimu Aliyempoteza Nalangu Kisumu

Msichana aliyekufa maji Kisumu mwaka wa tisini na sita aliingia kwa mazishi ya baba yake akiwa amevaa viatu vya ngozi, mkoba begani, anasalimia watu kwa majina yao.

Wamama wawili walitoroka. Mzee mmoja alikaa chini mchangani kama mtoto mdogo.

Najua kuna wale wanasema huyu ameanza na uongo. Tulieni.

Mimi naitwa Mbeke. Hii stori ni ya dada yangu mkubwa, Nzula. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa huyo msichana. Mwanzo nilisikia kutoka kwa mdomo wake, mwisho niliuona na haya macho yangu.

Nzula alipomaliza chuo cha ualimu alitupwa mbali. Unaacha lami ya kwenda Namanga, unaingia ndani, vumbi mpaka kwa meno, na ukishaanza kufikiri dereva amepotea ndio unaona mabati ya shule.

Sisi ni Wakamba wa Machakos. Kimaa, lugha ya Wamaasai, Nzula hakuwa anajua hata salamu.

Lakini kabla mwaka uishe alikuwa anakunywa maziwa ya kibuyu na wazee, na watoto wanamfuata nyuma kama vifaranga.

Darasa la saba lilikuwa lake. Siku moja akawachorea Ziwa Victoria ubaoni. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, ng'ambo iko wapi?"

"Huwezi ukaiona. Maji inaenda mpaka macho inachoka."

Darasa lote likacheka. Kwa hao watoto, maji ni ile ya bwawa, unachota ukisukumana na ng'ombe. Walidhani mwalimu anawachezea akili.

Hapo ndipo alikata shauri. Hawa watoto lazima waone ziwa.

Alizunguka boma baada ya boma akiongea na wazazi. Walikubali mmoja mmoja. Akabaki mmoja, mzee Sironka.

Sironka alikuwa baba ya Nalangu, yule msichana aliyekuwa anaongoza darasa. Na kila mtu alijua habari yake. Ng'ombe za mahari zilikuwa zimeshaingia boma. Shule ikifungwa Disemba, Nalangu anapelekwa kwa mzee mwenye wake watatu.

Nzula alikuwa amejaribu kuongea juu ya hiyo ndoa. Aliambiwa afundishe hesabu.

Sasa akaenda na ombi dogo.

"Mzee, acha tu aone ziwa. Hiyo peke yake."

"Na asiporudi?"

"Nitamrudisha na mkono wangu. Hilo ni neno langu."

Sironka akamwangalia. Huyo mzee alikuwa na sifa moja huko kwao: ukimdanganya, anajua. Hata wezi wa mifugo walikuwa wanaletwa mbele yake, anawatazama tu, wanaanza kuongea wenyewe.

"Sawa," akasema. "Wewe husemi uongo. Mwende."

Mke wake, Soila, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alisikia kila neno.

Safari ikafika. Watoto waliimba kutoka Kajiado mpaka wakaona Bonde la Ufa, hapo wakanyamaza, kila mmoja ameshika kiti cha mbele. Kisumu walilala kwa madarasa ya shule fulani, na asubuhi Nzula akawapeleka ufukoni.

Walishuka kwa basi mmoja mmoja, macho kwa maji.

Halafu mtoto mmoja akasema pole pole, "Hii maji yote ni ya nani?"

Nzula aliniambia hiyo ndiyo asubuhi alikuwa na furaha kuliko zote maishani mwake. Wamama wa samaki wakawaletea mbuta wa kukaanga, watoto wakakataa katakata. Wakasema huyo ni nyoka. Hata dereva, mzee Mwololo, alicheka mpaka akafuta machozi.

Wakati wa kuondoka akawahesabu mlangoni mwa basi.

Mmoja hayuko.

Akahesabu tena.

"Nani hayuko?"

Watoto wakaangaliana. Msichana mmoja, Caroline, akasema, "Nalangu alisema anaenda kunawa miguu."

Walipata viatu vyake vya tairi juu ya jiwe, kando ya maji. Sweta ya shule ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya viatu.

Dada yangu hakujua kuogelea. Aliingia na nguo yake hivyo hivyo, anaita jina, mpaka maji ikafika kifuani. Wavuvi ndio walimtoa, na walimtoa kwa nguvu.

Nyavu zilirushwa siku hiyo na siku iliyofuata. Wavuvi wakamwambia ziwa huwa linarudisha mtu likiwa tayari.

Halikurudisha.

Polisi waliandika maneno yake, wakamweka ndani kidogo, wakamwachilia awarudishe wengine kwao.

Hebu fikiria hiyo safari. Basi imejaa watoto na kiti kimoja hakina mtu, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nacho.

Habari ilikuwa imetangulia. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama shuleni. Sironka akaja mbele, fimbo mkononi.

"Uliniambia utamrudisha na mkono wako. Nionyeshe mkono."

Nzula akanyoosha mikono yote miwili. Alilia mpaka kamasi ikashuka, mbele ya wanafunzi wake.

Sironka akamtazama machoni. Muda mrefu. Halafu mabega yake yakaanguka, akageuka, akaenda.

Soila ndiye alimwendea. Alichukua mkono wa Nzula akauweka kwa tumbo lake na kuukandamiza.

"Alitoka hapa," akasema. "Umemweka wapi?"

Hayo maneno, dada yangu aliyasikia kila siku ya maisha yake.

Kwao jina la mtu aliyekufa halitajwi. Kwa hivyo Nalangu akawa hatajwi tena. Yule mzee wa wake watatu akarudishiwa ng'ombe zake, mambo yakaisha.

Ya Nzula ndiyo yalikuwa yanaanza.

Kumbukeni miaka ile, stori za watu wanaabudu shetani zilikuwa kila mahali. Watu wakasema mwalimu Mkamba alipeleka mtoto akatolewe kafara. Wakasema ndio maana maiti haikuonekana. Mawe yakarushwa kwa nyumba yake.

Alisimamishwa kazi. Kesi ikazunguka korti ya Kajiado mpaka ikajifia kwa kukosa ushahidi, lakini hakuna mzazi angekubali mwanawe akae mbele yake.

Musila, aliyekuwa amwoe, alikuja kuona mama yetu. Akasema watu wa kwao hawawezi.

Nikamchukua Nzula akaja kukaa na mimi Noonkopir, hapa Kitengela, kwa chumba kimoja. Mimi nilikuwa nashona nguo kwa kampuni moja huko EPZ, kwenye viwanda. Yeye akaanza kufulia watu, baadaye akauza mitumba kando ya barabara.

Kuna vitu mtu hawezi kueleza. Watoto wa shule wakipita wamevaa sweta, aliacha mteja na kuanza kuwahesabu. Alihesabu mpaka wa mwisho avuke barabara. Wateja walimzoea. Wengine walisema huyo mama wa mitumba ana wazimu kidogo.

Alikuwa na miaka thelathini na tano na nywele nyeupe.

Basi, ikafika mwaka wa elfu mbili na tano. Yule Caroline wa darasa la saba alikuwa amekua, anafanya kazi kwa duka la dawa hapa Kitengela. Ndiye mwanafunzi pekee aliyekuwa anamsalimia Nzula. Akaja kwa nyumba akihema.

"Mwalimu, kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Ni nini?"

"Mzee Sironka amefariki. Nimetoka kwa mazishi." Akainama karibu naye. "Nalangu amekuja."

Nzula alimwangalia kama mtu anayeongea lugha ya mbali.

"Ako hai, mwalimu. Nimemshika mkono."

Dada yangu aliinuka. Aliingia kwa pazia akavaa nguo ya kanisa, akatoka. Tukaenda sisi watatu.

Tulipofika, kaburi lilikuwa bichi bado. Nalangu alituona kutoka mbali akaja mbio, mwanamke mzima, Kiswahili chake kimekuwa cha kando ya ziwa. Akamkumbatia Nzula akilia.

"Mwalimu wangu. Sikuwa na njia ya kukuambia asante. Mama alisema nisitume hata salamu, baba asije akajua."

Nzula akabaki amesimama, mikono imening'inia.

"Mama aliniambia yote," Nalangu akaendelea. "Vile mlipanga pamoja. Vile wewe ndio ulichagua Kisumu kwa sababu Achola anakaa huko. Mwalimu, ulikubali kuitwa muuaji kwa ajili yangu."

Niliona uso wa dada yangu ukibadilika. Alitafuta Soila na macho, akampata nyuma ya nyumba, akaenda. Nikamfuata.

"Mama Nalangu," akasema. "Nani ni Achola?"

Soila hakukwepa. Alikuwa amezeeka, lakini alisimama wima.

"Ni rafiki yangu. Alikuwa ananunua shanga zangu Namanga, akarudi kwao Kisumu. Uliposema unapeleka watoto huko, nilimtumia neno. Alikuwa amekaa na wale wamama wa samaki. Viatu, mimi ndio nilimwambia mtoto aache kwa jiwe."

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulijua mume wangu. Mimi angenishika, lakini nilijua hataniangalia mimi. Ataangalia wewe." Soila akavuta shuka yake. "Ungekuwa unajua, ungelia vibaya, naye angekushika. Nilitaka mtu alie bila kujua."

Mimi nilitaka kumrukia. Naapa.

"Miaka yote hii," Nzula akasema. "Uliweka mkono wangu kwa tumbo lako."

"Niliweka."

"Walinirushia mawe."

"Nilisikia." Kisha akasema, "Wewe ulikuwa mtu mkubwa, Mwalimu. Yeye alikuwa mtoto. Ungekuwa mimi, ungeokoa nani?"

Nzula akageuka akaanza kutembea. Mpaka leo mimi sijapata jibu, na nimetafuta.

Tukiwa tunaondoka, Nalangu akatufuata njiani. Alikuwa ameona kitu usoni mwa dada yangu. Mtoto mwerevu haachi kuwa mwerevu.

"Mwalimu. Si ulikuwa unajua?"

Nikafungua mdomo. Nzula akanifinya mkono, akafinya sana.

"Nilikuwa najua," akamwambia. "Enda ukae na mama yako."

Tulipofika mbali nikamuuliza kwa nini amesema uongo. Huyu mtu ambaye hata Sironka alikubali hasemi uongo.

"Amezika baba leo," akasema. "Nimnyang'anye na mama?"

Basi. Alirudi kwa mitumba yake.

Mwalimu mkuu mpya wa ile shule alikuja kumwomba arudi kufundisha. Nzula alifika mpaka mlangoni mwa darasa, akaona watoto wamesimama kumwamkia, akageuka. Hakuna mtu aliwahi kuja kumwambia pole kwa yale mawe. Na kule barabarani aliendelea kuhesabu watoto, ingawa yule mmoja sasa alikuwa amepatikana.

Nzula alikufa miaka minne baadaye. Moyo, madaktari walisema.

Tulimzika nyumbani Machakos. Nalangu alikuja, siku hizo ni nesi, na akaomba kuongea. Akasimama kando ya jeneza akawaambia watu wote vile mwalimu wake alijitolea, vile alikubali kupoteza jina, kazi na bwana ili mtoto wa wenyewe asiuzwe. Mama yetu alilia kwa fahari. Pasta akasema huo ndio upendo.

Soila alikuwa ameketi nyuma kabisa, shuka juu ya kichwa. Watu walipoanza kutawanyika alinijia.

"Umemwambia mtoto?"

"Bado."

"Basi muache hivyo," akasema.

Nimemuacha hivyo miaka mingi. Nimeona Nalangu akiandika juu ya dada yangu huku mtandaoni, watu wakiweka mioyo na kusema mashujaa bado wako. Kila mara nafunga simu nikiwa na hasira, na sijui hata hasira ni ya nani. Yule msichana hana makosa. Aliponea ndoa, akasoma, leo anazalisha wamama. Siwezi sema ingekuwa heri asiponee.

Nalangu, ukisoma hii, nisamehe. Mpende mama yako, alikupigania. Lakini hii ujue.

Wengine mnaosoma, somo ni moja. Siku utakapotaka kuokoa mtu wako, angalia chini uone umesimama juu ya nani, na kama unaweza, muulize kwanza. Huenda angekubali. Dada yangu, vile nilivyomjua, angekubali.

Hakuulizwa.