Komoro Nisikofika

Jamani, mimi ni mtu mzima, nina miaka hamsini na mitatu, na maisha yangu yote nimekuwa hodari wa kuwasuta waongo, lakini leo nisuteni mimi, maana aibu niliyojitia sebuleni kwa watu kule North York, Kanada, nikiikumbuka hata niwe peke yangu kwenye lifti najifunika uso kwa mtandio.

Chanzo ni neno moja tu. Siku ya Idi tulikuwa tunakula ukumbini pale msikitini, nikaketi karibu na Bi Mariama, Mngazija aliyekulia Unguja (kwa hiyo Kiswahili chake kinanishinda hata mimi wa Tanga), tukawa tunazungumza habari za kwao, naye akaniuliza kwa wema wake kama nimewahi kufika Komoro. Ningesema sijafika ningepungukiwa na nini? Lakini pale mezani kila mwanamke alikwishasema kafika Dubai, kafika Istanbul, na mimi miaka kumi na saba ya Kanada safari yangu ni kutoka nyumbani Rexdale hadi kazini, ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, na ndege zenyewe nazisikia kwa juu. Nikasema nimefika. Nikaongeza na "mara mbili", sijui mara ya pili ilikuwa ya nini.

Miezi miwili baadaye akaja Kassim. Kassim ni mtoto wa kaka yangu, nimemlea mimi tangu ana miaka tisa, kijana mpole, kazi yake ni kompyuta huko Markham, na tangu nimlee hajawahi kuniomba kitu zaidi ya chapati. Siku hiyo akaniambia anataka kuoa, msichana anaitwa Najma, na mama yake ni Bi Mariama. Baba wa Kassim mwenyewe yuko Tanga, miguu haimwezeshi kusafiri, kwa hiyo msemaji wa posa niwe mimi. "Tena mama yake amefurahi, shangazi," akasema, "anasema wewe kwao unakujua." Alivyokuwa anacheka kwa furaha, mwenzenu nikakosa moyo wa kumwambia ukweli.

Basi nikaingia shule. Kila siku kwenye basi la Kipling simu mkononi, nasoma kurasa za wasafiri: visiwa vitatu, Ngazidja, Nzuwani na Mwali, mji mkuu Moroni, mlima wa moto Karthala, vanila, karafuu, langilangi wanayotengenezea manukato, na samaki wa kale aitwaye gombesa ambaye wataalamu walidhani alikwisha duniani. Nilikariri mpaka dereva nikataka kumwamkia kwa habari za Karthala.

Jumapili ikafika, saa nne asubuhi, ili kule kwao jua liwe bado halijazama, kwa sababu kaka yake Bi Mariama, mjomba wa Najma, alikuwa nasi kwa simu ya vidio kutoka Ngazidja, wamemwegemeza kwenye chupa ya chai. Na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Asipokubali yeye, hakuna harusi. Nikaingia na sinia la halua na barua ya posa kwenye leso, nimejifukiza udi, nimejaa habari za Komoro.

Wangeniacha nisome barua ningepona. Mjomba akasema amesikia nimetembea kwao, nilipapendaje? Nikafunguka kama bomba. Moroni hivi, Karthala vile, nikafika kwa gombesa, na sijui shetani gani alinisukuma, nikasema nilimla wa kupaka, mtamu sana.

Mjomba akasogeza uso kwenye simu. "Gombesa ulimla?"

(Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba yule samaki haliwi, mafuta yake yanaendesha tumbo, na isitoshe analindwa na serikali.) Najma akainama, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona nifunike kosa kwa jambo zito, nikakumbuka ukurasa mmoja uliosema mgeni atashangaa kuona nyumba nyingi ambazo hazijaisha, nikakohoa, nikasema kwa sauti ya posa:

"Nimeziona nyumba za kwenu, nondo zimesimama juu miaka na miaka, hakuna wa kumalizia. Kijana wetu hatamweka Najma kwenye nyumba kama zile. Atamtoa kwa mama yake, atamweka kwake."

Bi Mariama akaweka kikombe chini taratibu. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Moja ya zile zenye nondo ni yangu," akasema. "Naijenga kwa ajili ya Najma. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayehamia. Wakigombana, anayebeba begi ni yeye. Wewe umekuja kuniambia mwanangu atakaa kwa mtu, siku akichokwa atolewe nje?"

Kicheko cha Najma kilikatika, akaenda zake jikoni. Mjomba akasema labda tuiahirishe shughuli. Nikamtazama Kassim, na hakuwa amekasirika, alikuwa anaiangalia mikono yake tu, kama alivyokaa siku ile ya kwanza nilipompokea, na hapo roho ikaniuma. Nikasema basi, hata kama nitakufa kwa aibu, mtoto huyu asikose mke kwa mdomo wangu.

"Sijafika Komoro," nikasema. "Hata mara moja. Nimesoma kwenye simu. Kassim hajui lolote, kosa ni langu peke yangu." Na machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya halua.

Kassim akamsogelea Bi Mariama, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza (mimi hunijibu kwa Kiingereza siku zote), "Mama, mimi nitahamia kwa Najma. Nina begi moja tu."

Mjomba ndiye aliyecheka kwanza. Bi Mariama hakucheka. Alichukua simu kutoka kwenye chupa ya chai, akaja kukaa karibu nami, akamwambia kaka yake atoke nje atuonyeshe nyumba ile. Tukaona ukuta wa matofali, ngazi isiyoenda popote, nondo, na mbuzi wa jirani kivulini.

"Miaka kumi na minne naogesha wazee wa watu hapa, natuma hela," akaniambia polepole. "Msingi niliuona kwenye simu. Kuta hizi nimeziona kwenye simu. Na mimi pale sijafika."

Nikamshika mkono, tukaendelea kumtazama yule mbuzi.

Posa ilikubaliwa. Harusi itafungwa huko huko paa likishamwagwa zege, na nimepewa sharti moja, nisafiri na Bi Mariama kiti kwa kiti, kwa sababu anaogopa kuufungua mlango wa nyumba ile peke yake. Nimekwishaomba likizo. Na nimeapa, tukifika, mbele ya mlango ule sitasema neno mpaka yeye aseme.