Mdako wa Watu Wawili, Timbwani

Tulikwenda Timbwani kwa sababu Dama, binti yangu wa miaka tisa, alikuwa ameacha kucheza. Mdogo wake Sidi alifariki kwa homa kabla ya Krismasi, na tangu hapo Dama alikuwa akishinda kizingitini, mikono mapajani. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikachoka. Nilikuwa tayari kumpeleka popote mradi nimsikie akicheka tena.

Baba Dama, mfanyakazi wa reli, alinunua hema kuukuu la askari, maana vita vilikuwa vimekwisha na mahema yalijaa sokoni. Akaandika na ratiba ya michezo, utadhani mkaguzi wa shule anakuja!

Ijumaa asubuhi tulitoka Changamwe, tukapita Makupa, tukavuka kwa feri hadi Likoni. Dama alibeba mkeka.

Adhuhuri tulifika shambani kwa Bi Mwanakombo, mjane aliyetukubalia kupiga hema kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mko wangapi?"

"Watatu."

Akatazama nyuma yetu kwa kitambo. "Haya, karibuni."

Alasiri ratiba ikaanza. Kwenye mbio za magunia Baba Dama alianguka kifudifudi, nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Dama hakutabasamu. Kwenye nage alisimama tu, mpira wa matambara ukampiga begani, wala hakuukwepa. Ukuti nao haukunoga kwa watu watatu.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa nakoroga uji nikasikia kicheko. Jamani, nusura nimwage sufuria kwa furaha! Dama alikuwa nyuma ya hema, amechimba kishimo, anacheza mdako: anarusha kijiwe juu, anakomba vingine shimoni kabla hakijashuka, kisha anakidaka. Alipokosa, alikisukuma kijiwe upande wa pili, akangoja. Macho yake yakafuata kitu juu, yakashuka. Akacheka tena, akachukua zamu yake.

Nikaona heri acheze na mtu. Nikaketi mkabala naye. "Haya, zamu yangu."

Uso ulimsawijika. "Mama, ondoka! Umemkalia!"

Niliruka kama aliyekalia siafu. Jua lilikuwa kali, lakini mchanga ule ulikuwa baridi.

Baba Dama alisema ni huzuni ya mtoto, tusali. Bi Mwanakombo hakubisha. Alinivuta kando.

"Mwanangu, siku ya kuondoka, ita kila mtu kwa jina lake lenyewe, naye aitike. Asiyeitwa hubaki hapa."

"Na nikimwita Sidi?"

"Mtarudi naye, wallahi. Lakini huyu mzima hatacheza na mtu mwingine maisha yake."

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, tulikunja hema. Nilisimama mahali lilipokuwa.

"Zakaria!" Sikuwa nimewahi kumwita mume wangu jina lake hata siku moja, nikaona haya.

"Naam."

"Dama!"

"Abee, mama."

Jina la tatu likanijaa mdomoni. Nilimtaka mwanangu, nilimtaka mno. Mungu anisamehe, niliufunga mdomo. Dama akafukia kile kishimo, akatangulia njiani.

Kwenye feri alianza kumtania babake kwa ule mwanguko wa magunia, akacheka hadi machozi. Nami nililia kwa furaha. Kisha akanikazia macho.

"Mama, mbona wewe hukuitwa?"

Siku hizi Dama anacheza uani na wenzake, kelele tupu. Kizingitini nakaa mimi. Napika, nafua, lakini popote niketipo chini yangu pana ubaridi wa mchanga ule. Baba Dama akiniita, "Mama Dama!" naitika, na sauti yangu naisikia ikitokea ng'ambo, kule Timbwani.

Basi mkipeleka watoto kambini, chukueni magunia, mpira na maji ya kutosha. Na kabla hamjaondoka, mmoja wenu amwite mama kwa jina lake.