Aliyepigwa na Radi Haguswi

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na wote waliokuwa shambani siku ile ninawakumbuka. Alikuwapo mama yangu. Alikuwapo kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Lubumbashi, naye alikuwa mama mzazi wa baba. Alikuwapo Fiston, mdogo wangu, ambaye alikuwa bado ananyonya. Alikuwapo Mama Odette, aliyelima shamba lililopakana na letu, na Papa Kyungu, mzee aliyelinda mashamba ya watu wa mjini pale Kasungami. Na alikuwapo Ilunga, kijana wa kubeba makala, yaani makaa, kwa baiskeli, ambaye mvua ilimkuta njiani akaomba kujikinga pamoja nasi.

Ilunga tulimfahamu. Akitukuta sisi watoto tukihangaika na bidoni za maji pale kwenye mwinuko, alikuwa akiegemeza baiskeli yake na magunia yake, anatupandishia bidoni hadi juu, kisha anarudi kuusukuma mzigo wake mwenyewe. Hakungoja kushukuriwa. Alitutania tu kwamba sisi watoto wa mjini tumelelewa kwa mkate, ndiyo maana mikono yetu ni laini kama mikono ya mapadri.

Kabla ya siku hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu wa mashamba yale alilijua. Mbegu za karanga za Mama Odette zilikuwa zimeibwa kutoka kibanda chake. Mama Odette alilia, halafu akakauka machozi, akaanza kupita kila njia akisema kwamba amekwenda ng'ambo ya Kasomeno kwa mtu anayefunga radi, na kwamba mwizi huyo hataona mahindi yakitoa maua. Alisema hivyo kisimani na kanisani baada ya misa. Kwetu maneno ya namna hiyo hayachekwi. Watu wanaamini radi inaweza kutumwa, na ikitumwa haikosei njia. Na mtu aliyepigwa na radi haguswi. Haliliwi hata, mpaka aje mwenye dawa. Atakayemgusa kabla ya hapo amejifunga naye kamba moja, na radi itarudi siku moja kuchukua kilicho chake. Kama si yeye, basi mtoto wake.

Mvua ile ilikuja kwa hasira kutoka upande wa msitu. Tulikimbilia chini ya paa la nyasi ambalo baba alilijenga la kupumzikia, tukabanana. Mama alimkaza Fiston mgongoni. Papa Kyungu alikuwa amejifunika turubai lake la plastiki, tena akalinyoosha kidogo ili limfunike na kambo bega moja. Mama Odette ndiye aliyekumbuka kwamba ndoo yake ya mbegu za mahindi imebaki kwenye tuta.

"Ilunga, mwana yangu," akasema, "weye njo uko na miguu. Uniletee ile ndoo, mbegu itaoza."

Ilunga alicheka, akasema mama huyu anataka aoze yeye badala ya mbegu, akatoka mbio. Tulimwona akiinama, akichukua ndoo, akigeuka kuturudia. Kilichofuata sikukisikia kama sauti. Kila kitu kilikuwa cheupe, na meno yangu yaliuma. Macho yaliporudi kuona, ndoo ilikuwa imelala ubavu, mbegu zimemwagika, na Ilunga alikuwa ameanguka kifudifudi kwenye mfereji kati ya matuta mawili, karibu kabisa nasi. Nguo yake ilikuwa inatoa moshi kidogo, kisha mvua ikauzima.

Hakuna aliyesogea.

Ninajua sasa, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mama na nimeona watu wengi wakisimama mbele ya jambo wasilolijua, kwamba hawakuwa watu wabaya. Papa Kyungu alivua kofia yake. Kambo alifanya ishara ya msalaba. Mama Odette aliweka mikono yote miwili mdomoni. Wote walikuwa wanawaza jambo moja, na kambo ndiye aliyelitoa kwa sauti ya chini: radi imemkuta na mbegu ya mwenye mbegu mkononi. Mimi nilimtazama Mama Odette. Nilitegemea aseme kwamba ni yeye aliyemtuma Ilunga kuifuata ndoo. Sote tulikuwa tumesikia, lakini lilikuwa neno lake, ilimpasa yeye kulisema. Hakulisema.

Maji yalikuwa yanashuka katika mfereji. Yalikuwa ya rangi ya udongo wetu mwekundu, na yalikuwa yanajaa. Yalifika kwenye sikio la Ilunga. Kisha nikaona mapovu madogo karibu na uso wake, na vidole vya mkono wake mmoja vikakwaruza tope. Mama naye aliona. Nilijua kwa sababu alianza kufungua kitenge alichombebea Fiston.

"Unafanya nini?" kambo akauliza.

Fundo lilimshinda mama, akalivuta kwa meno. Alimtoa mtoto mgongoni, akanipa mimi.

"Mama Fiston, usimuguse," kambo akasema. Hakufoka. Aliongea kama mtu anayeomba. "Uko na mutoto wa maziwa. Bakubwa balishakataza. Ukimugusa, usiguse tena mujukuu yangu. Ngoja batafute mwenye kujua."

"Mama," mama akasema, "iko anakunywa mayi."

Halafu akaniambia mimi niliyemshika mdogo wangu: "Ushike muloko yako. Usinifwate."

Akatoka kwenye mvua. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayeingia mto asioujua kina chake. Alipofika alisimama juu ya Ilunga, na kwa muda akasimama tu, mikono ikining'inia. Nikadhani atarudi. Kisha akapiga magoti, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakigeuza, akakiweka juu ya mapaja yake. Ilikuwa kazi ndogo hivyo. Ilunga alitapika maji ya tope juu ya kitenge cha mama, akaanza kupumua kwa sauti kama mlango mbovu.

Watu wanaposimulia habari hii, maana imesimuliwa sana, husema mama yangu hakuwa na woga, au kwamba yeye ni mtu wa sala na hakuamini mambo ya radi. Si kweli. Mama aliamini kila neno. Aliamini kuliko Papa Kyungu, ambaye alikuwa na woga tu. Mtu asiyeamini angekwenda na mtoto mgongoni. Mama alimtoa Fiston kwanza, akamweka mbali, kwa sababu alijua, au alidhani anajua, anakwenda kushika nini.

Walikaa kwenye mvua hivyo, mama na Ilunga. Mama peke yake asingeweza kumnyanyua. Akaita. Papa Kyungu alikwenda, akasimama hatua chache kutoka kwao, akalivua turubai lake, akalitandaza chini karibu na miguu ya Ilunga, kisha akarudi nyuma haraka. Nililiona lile kwa macho ya mtoto nikalidharau. Leo silidharau. Mzee yule alikuwa na turubai moja tu na mvua ilikuwa bado inapiga, na alitoa kila alichoweza kutoa bila kutoa mkono wake. Mama alimviringisha Ilunga juu ya turubai, akaanza kuvuta. Alivuta, akateleza, akavuta. Papa Kyungu alitembea mbele yake akiondoa mawe njiani kwa fimbo.

Sisi wengine tulifuata kwa mbali, kambo, Mama Odette, na mimi na Fiston, ambaye alikuwa analia akinyoosha mikono kwa mama yake.

Barabarani ikatokea pikipiki. Dereva alikuwa kijana ambaye hatukuwahi kumwona. Alisimama mara moja, akauliza yule muntu iko na nini.

Mama alimtazama, akamtazama kambo. Neno moja tu lilihitajika, radi, na kijana yule angewasha pikipiki yake na kwenda.

"Alianguka," mama akasema.

Nilingoja kambo aseme. Kambo hakuwa mwanamke wa kunyamazia uongo. Mimi alinipiga kwa uongo wa kipande cha sukari. Siku ile aliangalia upande mwingine, kule mvua ilikokuwa inahamia, akasema pikipiki iende polepole, njia ina mashimo. Dereva alimkumbatia Ilunga chini ya makwapa, akamnyanyua kama ndugu yake, akamkalisha mbele. Mama akapanda nyuma kumshikilia. Hakuwa na viatu.

Alirudi nyumbani jioni. Alisimama mlangoni, hakuingia, hakutaka kumpokea Fiston ingawa maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yake. Alisema Ilunga yuko hospitalini, anaongea kidogo. Kambo alikuwa amemwambia kabla ya hapo, huko shambani, kwamba akimgusa mtu yule asimguse tena mjukuu wake. Sasa alitoka na sufuria ya maji ya majani aliyoyachemsha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama, akamwosha mikono mpaka kwenye viwiko, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Alipomaliza alimfuta kwa kitambaa chake cha kichwa, akaingia ndani, akamleta Fiston, akamweka kifuani mwa mama.

Katika miezi ya baridi iliyofuata, surua iliingia mtaani kwetu. Ilichukua watoto katika nyumba nyingi. Ilichukua wa mwalimu na wa muuza mkate, watu ambao hawakuwahi kugusa mtu wa radi. Ilimchukua na Fiston.

Sitaeleza siku zile. Nitasema tu kwamba kambo, ambaye alikuwa na haki ya kusema "nilikuambia," kama hiyo ni haki, hakulisema siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Wengine walilisema. Walilisema kwa kunong'ona, huku wakitusaidia kuchota maji ya matanga, na nadhani hawakuona ubaya.

Watu walipokwisha kutawanyika, alikuja Mama Odette. Alikaa chini sakafuni, si kwenye mkeka, akavua kitambaa cha kichwa. Mama alikuwa ameegemea ukuta. Mama Odette aliongea akiangalia mikono yake. Alisema hakuwahi kwenda ng'ambo ya Kasomeno. Hakuwahi kwenda kwa mtu yeyote. Alizusha maneno yale ili mwizi aogope na kurudisha karanga, basi. Radi ile ilikuwa radi ya mvua.

"Njo maana sikusema," akasema. "Niliona vile anaanguka, nikawaza: labda kinywa yangu peke yake ilitosha."

Angelisema siku ile, Papa Kyungu angetoa mkono. Labda hata kambo angetoa mkono. Ilunga angenyanyuliwa na watu wanne, na baadaye mama asingebaki na kamba ya kujifunga peke yake. Nililiwaza hilo nikiwa bado mdogo, na nikamchukia mwanamke yule kwa moyo wote. Mama akaniambia nimletee Mama Odette bukari, ugali wetu, kwamba anaonekana hajala tangu jana.

Sasa nina mwanangu wa umri ule ule wa Fiston. Muuguzi wa kituo chetu aliwahi kutueleza, sisi akina mama tuliokuja na watoto kwa chanjo, kwamba mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na kitu chochote cha kumdhuru anayemgusa. Nilifurahi kulisikia, na nikaumia, kwa sababu mama alikuwa amekwenda bila elimu hiyo. Ninapomfunga mwanangu mgongoni, siku nyingine vidole vyangu vinasimama kwenye fundo. Sijui kama ningelifungua. Ninajua kwamba mwenye kulifungua hakuwa na uhakika wa lolote, ila mapovu yale aliyoyaona kwenye maji.

Niliwahi kumwuliza mama kama anajuta. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliniambia nimsogezee sinia.

Ilunga yuko hai. Anaishi Kasomeno na mke wake, na mkono wake wa kushoto haufungi ngumi.