Maswali Niliyomuuliza Dada

Jino langu la mbele nililivunja mwenyewe, kwa ujinga. Ilikuwa sherehe ya ubatizo kwetu Ngungu, kifungulio cha chupa kilikuwa kimepotea, nami mwalimu mzima wa darasa la kwanza nikaona niwaonyeshe wakwe zangu meno yangu ni chuma. Kizibo kilitoka na jino likakatika. Watu walicheka, nami nikacheka pia, mpaka ulimi ulipofika pale na kukuta mlango wazi.

Jumatatu darasani nilisema "sa, se, si", ikatoka filimbi. Darasa zima likarudia na filimbi yake, kwa heshima kabisa. Nikajua lazima nitafute jino.

Dada yangu mkubwa ameolewa Mushaki. Yeye alikuwa amewekewa jino na mtu anayezunguka masokoni na sanduku lake, ambaye kila mtu anamwita docteur, yaani daktari. Lilikuwa jeupe, limekaa vizuri, na nililionea wivu. Nikaandika maswali yangu kwenye daftari, kama ninavyoandaa somo, nikapanda pikipiki kwenda kwake.

Dada alilisoma lile daftari, akalifunga.

"Docteur hapendake kuulizwa-ulizwa, mudogo yangu. Atasema unamuzarau. Uliza miye. Si niko nayo mu kinywa?"

Kwetu mkubwa akishajibu, mdogo hana tena swali. Basi nikamuuliza yeye, Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, tukiwa tumekaa tunachambua maharage.

"Yaya, iko inauma?"

"Hata kidogo."

"Rangi itafanana na ile ingine?"

"Angalia yangu."

"Na mahindi ya kuchoma?"

"Utakula mahindi, utakula na mifupa."

"Itakaa myaka ngapi?"

"Watakuzika nayo. Sasa chambua maharage, ao tutakula mawe?"

Swali moja halikuwemo daftarini: meno mawili ya pembeni, yale mazima, yatafanywa nini? Nani anauliza habari za jirani wakati nyumba iliyoungua ni yake?

Docteur alikuwa na mikono safi na maneno laini. Alinikalisha kwenye kiti nyuma ya soko, akachukua tupa ndogo, akaanza kusaga. Nilishtuka nikamshika mkono, kwa sababu alikuwa anasaga jino zima, si lile bovu. Nikamgeukia dada. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu.

"Acha afanye kazi," akasema. "Ndo vile wanafanyaka."

Nikauachia ule mkono. Alisaga la kushoto, akasaga la kulia, mpaka vikabaki visiki. Akachanganya unga wake na maji yenye harufu kali, akaunda meno matatu yaliyoshikana, akayabandika hapo juu. Alipoleta kioo nilikuwa mzuri. Lazima niseme ukweli, nilikuwa mzuri sana, na nilimkumbatia dada yangu mbele ya watu.

Furaha ile haikumaliza miezi miwili. Ufizi ulivimba, usaha ukatoka, nikawa nafundisha nimeshika shavu. Hospitalini mganga wa meno aliyavua yale matatu, akavitazama visiki viwili vilivyooza.

"Mama, haya yalikuwa na ugonjwa gani?"

"Hayakuwa na ugonjwa."

Aliniuliza tena, kana kwamba hakunisikia. Kisha akaving'oa. Nilikuwa na pengo la jino moja, nikarudi Ngungu na pengo la matatu.

Hata hapo sikumshuku dada. Nilimlaumu docteur, nikajilaumu mimi, nikailaumu hata ile chupa. Nilienda Mushaki siku ya arusi ya binti yake bila kinyongo, mkono mdomoni. Dada aligawa chakula kwa wageni wote, kisha akapotea. Nikamfuata jikoni na sahani yangu.

Alikuwa amegeukia ukuta, sahani ya fufu, ugali wa muhogo, ya moto mapajani. Juu ya jani la mgomba, kando yake, yalikuwa meno matatu yaliyoshikana kama yale yangu, na nyuma yake nta ya nyuki. Nikakumbuka miaka yote ile alivyokuwa akigusa fromage tu, jibini la kwao, na ndizi mbele za watu, nami nikidhani ni heshima za mke wa mwenye ng'ombe.

"Nta inayeyuka mu chakula cha moto," akasema bila kugeuka.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na mahindi, Yaya?"

"Sijagusa mahindi tangu ile siku."

"Juu ya nini uliniambia vile?"

"Alisema nikimuletea muntu, atanitengenezea yangu upya." Akameza. "Akahama. Wanasema iko kule Pinga."

Akasogeza kigoda kwa mguu. "Ikala, mudogo yangu. Huku hakuna mwenye atatuona."

Nilimchukia pale pale, na bado sijamaliza kumchukia. Yule docteur ni mchuuzi, aliuza alichokuwa nacho. Lakini mkono ulionishika begani ndio ulionibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Sikukaa. Nilibeba sahani yangu, nikaenda kula katikati ya wageni, mdomo wazi, atakayeona na aone.

Baadaye dada alitoka na chai, meno yake yamesharudi mahali pake, akawatabasamia watu. Mama mmoja wa upande wa bwana arusi, mwenye pengo la jino la mbele, alimshika mkono.

"Mama, meno yako iko muzuri. Nani alikutengenezea? Iko inauma?"

Dada aliniona namtazama. Akageuza macho, akamjazia yule mama kikombe.

"Hata kidogo," akasema.

Nikaweka sahani chini, nikamvuta yule mama kitenge.

"Mama, uliza miye," nikamwambia, nikafungua kinywa changu chote.